Faili la Majina

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Barabara ya Kumi na Tatu,
feni ya Mbaruku inazunguka kama kibarua asiyelipwa,
nami nimeachiwa kazi ndogo, walisema, ya dakika tano:
andika faili la majina,
programu yetu ya dawa itoke kesho,
bure, wazi, achukuaye achukue,
zahanati zihesabu vidonge vyao
bila kulamba kidole na kufunua daftari.

Dakika tano. Sasa ni saa nane na nusu.

Nianze na Mbaruku? Mistari elfu sita ni yake.
Kompyuta inajua kuhesabu na haina haya:
Mbaruku, elfu sita. Shekalaghe, mia tisa.
Mwanahamisi, hasi mia nne.
Hasi, kwa kuwa alifuta.
Wiki mbili alikaa na fundo tulilolifunga sote,
akalifungua uzi kwa uzi,
akatuachia mistari kumi na miwili inayopumua,
na mashine ikamwandika mdaiwa.

Nesi Namkunda wa Pongwe hana hata mstari.
Aliishika simu yetu kwa mkono wenye glovu, akauliza:
"Kitufe hiki mlimpimia kidole nani?"
Tulirudi mjini kimya.
Vitufe vyote vimenenepa tangu siku ile.

Na yule ajiitaye Popo, hatujui anaishi wapi,
alitutumia herufi moja, *z* badala ya *s*, kwenye neno "dozi",
kisha akapotea.
Na Ngoda, aliyegombana nasi akaondoka na kiti chake.
Kiti, kweli, kilikuwa chake.
Ila mstari wa mia mbili na kumi ameuacha humu;
ukiung'oa, dawa za watoto hazihesabiki.

Mbaruku kajigeuza mkekani:
"Andika *Sisi*, ulale. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nikaliandika. Herufi nne,
safi kama kanzu ya Ijumaa.
Nikalitazama.

Babu yangu aliletwa kwa lori kutoka Songea kukata mkonge.
Manamba. Walimpa kipande na tarakimu:
mia tatu kumi na tisa.
Mkonge ukapanda meli, ukawa kamba ya watu wengine,
na ubavuni mwa robota wamechapa neno moja: TANGA.
Si uongo. Tanga ndiyo iliyokata.
Lakini Tanga haikuwa na kovu la mwiba
kwenye shavu la mguu wa kushoto,
wala haikuamka usiku ikilikuna.

Tuache ya babu. Mwaka jana tu
hiyo *Sisi* yetu ilialikwa semina kule Chumbageni,
ikapanda jukwaani imevaa tai,
ikarudi na cheti cha mtu mmoja.
Shekalaghe, sikutaji kwa ubaya. Tai ilikupendeza.

Nikafuta.
Nikaanza na Ngoda, maana ndiye atakayechukia zaidi:
*Ngoda, mstari wa mia mbili na kumi.*
*Mwanahamisi, alifuta.*
*Namkunda, aliuliza.*
*Popo, herufi moja.*
*Shekalaghe, mia tisa, na kusema mbele za watu.*
*Mbaruku, elfu sita, na feni.*
Nikasita kwa Kibwana, aliyeazima chaja na hakuirudisha,
ila alikuja nayo kila siku.
Nikamwandika hivyo hivyo.

Alfajiri, muadhini hajamaliza,
Mwanahamisi kaingia na viatu mkononi.
Kasoma kasimama. Kafuta koma mbili,
ndiyo kawaida yake,
kisha, chini kabisa, kaongeza jina nisilolijua:
*Bi Mwanaharabu.*

"Huyu nani?"

Hakunitazama. Alikuwa akikusanya vikombe sakafuni,
vile vya jana, na vya juzi.
"Miezi minane," akasema,
"hujawahi kujiuliza chai hii inatoka wapi?"