Vikombe Mia Mbili

Kijana wa benki amerudi tena Mwanjelwa,
viatu vinang'aa kuliko mizani yangu.
Kadi hii, mama, elfu sitini tu kwa mwaka:
kila ukinunua, pointi;
na pale Songwe, ndege ikikwama kwa ukungu,
unaketi kwenye kochi, unakunywa chai bure.

Nikageuza boksi la sabuni, nikashika kalamu.
Chai ya Anyosisye ni mia tatu.
Elfu sitini, basi, ni vikombe mia mbili.
Nami ndege nimepanda mara moja,
mwaka jana, Tulinagwe alipojifungua mapacha.

Na hizo pointi?
Mchele nachukua Kyela kwa Bi Subilaga,
anayelamba kidole akihesabu noti.
Kadi ataipitisha wapi?
Mkaa, ushuru, vijana wa kushusha magunia...
Kimebaki kituo cha mafuta,
na pikipiki yangu hunusa tu, hainywi.

Akacheka. Fikiria, mama.
Fomu nimeikunja mara nne,
nimeisukumia chini ya mguu mfupi wa meza.
Mizani imetulia.

Ila jioni, baridi ikishuka kutoka Loleza,
nimejikuta nahesabu tena:
ukungu wa Juni, mapacha wanatambaa,
kochi.