Mahame

Ndanda, kwenye daftari la wagonjwa,
karani wa zamani aliandika kwa wino uliolowa mvua:
*Somoe binti Nankondo. Mmwera. Homa.
Ameondoka na ndugu zake.*
Ameondoka. Hakusema kwa miguu au kwa machela.

Miaka miwili niliipoteza upande wa baba,
nikiuliza Mingoyo, nikiuliza Rutamba,
nikinyweshwa chai na watu wapole wasiojua kitu,
hadi shangazi Fatu Likwata akacheka, kitenge kikamlegea:
"Huku unamtafutia nini? Sisi tulioa tu.
Mtu huzikwa na wajomba zake. Kaulize kwao."

Kwao ni Namangudu, na Namangudu haipo.
Mwaka wa sabini na nne waliambiwa wasogee barabarani.
Wakabeba vinu, wakabeba kuku,
milango wakaing'oa pamoja na bawaba zake.
Mama alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Alipewa koroboi abebe, akakatazwa kugeuka nyuma.
Aligeuka.

Kutoka Nyangamara ni saa mbili kwa mguu.
Mwezi wa sita, mikorosho inapulizwa,
na aliyenitokea alikuwa na pampu mgongoni,
salfa mpaka kwenye kope:
Hashimu Mnyoti, mwenye shamba.
"Unatafuta nini?"
"Makaburi."

Akazima mashine.
"Makaburi," akarudia polepole,
kama mtu anayesomewa shauri lake.
Nilimwelewa. Huku kaburi ni hati;
anayekuonyesha alipolala bibi yake
kesho atakuonyesha na mpaka.
Nikamwambia sitaki mti, sitaki korosho,
sitaki hata bibo la kutafuna njiani.
Nataka kujua tu.

(Nitasema kweli, maana hapa si baraza la ardhi:
nilikuwa nimeshahesabu.
Mikorosho arobaini na tatu, kabla hajatokea.)

Alinitazama viatu, akanitazama daftari.
Kisha akatangulia.
"Baba aliniambia pale nisichimbe.
Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza."

Saba.
Vituta vidogo, kama watoto waliojifunika shuka
wakijifanya wamelala.
Salfa ilikuwa imewaangukia nao.

Alama ninayo moja, ya mama:
bakuli lenye jogoo wa bluu,
lililopasuliwa kwanza ndipo likawekwa kichwani,
asije mpita njia akalitamani.
Tukapiga magoti, tukafukua majani.
Kwenye kaburi la tatu, kigae chenye mkia.
Nikaanza kulia.
Kwenye la tano, Hashimu akainua kingine:
mguu, kucha tatu, bluu ile ile.
Nikanyamaza.

"Mvua husogeza vitu," alisema.
"Na panya buku."
Akavishika viwili, akavigeuza, akavilazimisha,
ulimi nje kama fundi saa.
Havikuungana.
Labda kipande cha katikati kimepotea.
Labda mwaka ule mabakuli yote dukani
yalikuwa na jogoo.

Nilisoma Fatiha, na sikujua niielekeze wapi,
nikaiacha ijitafutie.
Hashimu alivua kofia. "Amin" yake
ilitangulia yangu.

Kaka alipiga simu pale pale, kutoka Masasi.
"Umempata?"
"Nimempata. Ila sijui ni yupi."
Mtandao ukakatika, au alinyamaza.
"Wako wangapi?"
"Saba."
"Basi waandike wote."

Kwa majina gani?
Nikaandika *moja*, nikaandika *mbili*,
mbele ya tatu na tano nikaweka kinukta.
Vigae nilivirudisha, kila kimoja kilipotoka,
au karibu na kilipotoka.

"Utarudi?" Hashimu aliuliza,
na sikuweza kusikia
alitaka nijibu nini.
Nikasema mvua zikiisha.
Akajifunga kitambaa puani,
akawasha mashine.