Kopo la Nsimire

Mheshimiwa, kabla hujaangalia saa,
niruhusu niweke kopo hili juu ya meza yako.
Lilikuwa la maziwa ya unga. Sasa ni sanduku la ushahidi,
ni mdomo wa Nsimire aliyebaki Walungu leo
kwa sababu palizi haimsubiri mtu
aliyeshuka Bukavu kwenda kuhutubia.

Fungua. Halinuki kitu
ila moshi kidogo, na mawese.
Humo mna vikaratasi mia mbili na kumi na vinne,
vingine vya bluu, vingine vimeshapoteza rangi kwa jasho,
na hivyo vipande vya jani kavu la mgomba si takataka:
kila kimoja ni mahali walipochukua pesa
bila kuandika.

Tulivihesabu usiku, mimi na Ntakwinja.
Umeme ulikatika, tukaendelea kwa tochi ya simu.
Gunia moja la maharagwe, toka shambani hadi Kadutu:
kamba ya kwanza, penye daraja, faranga mia tano.
Ya pili, yule mwenye kofia, mia tano na bakuli moja la maharagwe.
Ya tatu ni ya usafi, na ufagio hatujawahi kuuona.
Ya nne wanaiita ya barabara.
Barabara ipi, Mheshimiwa?
Ya tano hata anayeitoza haijui jina,
alisema tu, "Mimi pia nina watoto,"
na Nsimire, mwenye sita, akamwonea huruma akalipa.
Sokoni, kulitua gunia: pesa.
Kulibeba tena, likikosa mnunuzi: pesa.

Sikuleta machozi, haya nimeyaacha kwa walinzi pale mlangoni
pamoja na kitambulisho changu.
Nimeleta hesabu. Katika kila maharagwe kumi
manne huliwa njiani, mabichi, bila chumvi.
Hata panya huacha mbegu.

Mzee Kashemwa hakuja pia.
Anakodi shamba kwa msimu, msimu mmoja tu,
basi hapandi kahawa, hapandi mti,
hachimbi hata mfereji wa kuzuia udongo,
maana udongo ukibaki, utabaki kwa mwingine.
Msimwite mvivu. Mpeni karatasi ya miaka kumi
mtamwona na jembe kabla ya jogoo.

Najua utaniambia: andika barua.
Ndiyo hii, ya saba.
Ya kwanza ilipotea humu humu ndani.
Ya pili ilikosa muhuri.
Ya tatu ilikuwa na muhuri, lakini si ule.
Nne, tano, sita ziko chini ya birauri lako la chai,
naona pembe ya moja.

Hatuombi mbolea ya kupigia picha.
Tunaomba kamba moja, risiti moja,
na bei ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili na kwa Mashi,
kwa herufi ambazo Nsimire atazisoma bila miwani.

*

Miezi minane ikapita. Amri ilitoka,
kurasa mbili, na kosa moja katika jina la Walungu.
Siku ya soko Nsimire alifika penye kamba ya nne,
akatua mzigo, akapeleka mkono kwenye fundo la kitenge,
akasubiri.
Kigingi kilikuwepo. Mtu hakuwepo.
Mbuzi mmoja alikuwa anakula hapo, kwa utulivu,
kama mwenye ofisi.

Alisimama, kisha akainama, aking'oa unyasi mbichi,
akautia katika kopo juu ya vile vikavu:
hapa, leo, hawakuchukua.

Kamba ya tano imehamia kilima cha pili.
Jana nilinunua karatasi.
Ntakwinja ameshika tochi.
Barua ya nane inaanza:
Mheshimiwa, ni sisi tena.