Uji Umepoa

Sura yangu haimo katika filamu za Azzan.
Mimi ni ile sauti.
Mchana nagonga mihuri ofisi ya maji, Bahla;
usiku, kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa jini.

Ya kwanza aliipiga kwa kamera ya kuazima
ya mpiga picha wa harusi, irudi kabla ya Alhamisi.
Damu ilikuwa Vimto iliyobaki Ramadhani, na unga wa ngano.
Sisimizi wakaifuata, wakamtambaa maiti shingoni,
maiti akaruka, akatukana ukoo mzima,
na Azzan akanong'ona: usizime, usizime.
Ukiitazama leo utaapa kafufuka kweli.

Jini wa siku zile hakuwa na maneno. Alikoroma tu.
Akaja mdhamini kutoka Dubai,
mtu wa saa kubwa na subira ndogo:
"Kiarabu hakitishi, kila mtu anakielewa.
Nitafutie lugha isiyo na mwenyewe."

Azzan akanyamaza. Akanitazama.
Tulikuwa juu ya ukuta wa udongo
katika ule mtaa wa kale uliohamwa,
jenereta ikikohoa chini, popo wakitoka dirishani mmojammoja.
"Ghaniya," akasema, "sema chochote.
Kile cha jikoni kwa mama."

Nikasogea kwenye kipaza sauti,
nikasema polepole, kooni, kama mtu anayeburuta jiwe:
Uji umepoa. Njooni mnywe.
Nani kaacha mlango wazi? Paka ataingia.

Ruwi, usiku wa kwanza, ukumbi umejaa.
Vijana walishikana mikono. Mmoja alitoka mbio na kiatu kimoja.
Lakini safu ya nyuma,
mama zetu, wazaliwa wa Wete na Chake na Mkunazini,
walicheka hata shela zikawadondoka,
na Bi Thuwaiba, mama yake Azzan,
akamjibu jini kwa sauti, gizani:
"Basi kitie sukari, mwanangu!"

Hivyo ndivyo alivyopanda. Filamu sita.
Ya kisima. Ya mfinyanzi asiye na uso.
Ya bibi harusi wa kwenye falaji, aliyetuunguzia taa mbili.
Mkaguzi wa wizara akakata dakika nne,
kisha akaomba nakala nzima, akaangalie na mkewe.
Tuzo moja ya shaba; ipo juu ya friji, inazuia bili zisipeperuke.
Na kila filamu jini alisema zaidi:
bei za sokoni, methali, namna ya kuumua mkate wa kumimina,
nami nikilipwa riali thelathini na chakula.

Siku moja nikamuuliza:
kwa nini lugha ya mama yako iwe ya mashetani?
Akajibu akikunja waya, bila kuinua kichwa:
"Nionyeshe mwingine hapa anayelipwa kuisema."
Nilicheka. Nikaenda nayo nyumbani.
Kufika Jabrin haikunichekesha tena.

Kisha Bi Thuwaiba akaanza kusahau.
Kiarabu kilimbanduka kama chokaa, vipande vipande,
majina ya wakwe, hesabu, salamu za jirani,
mpaka likabaki lile tofali la ndani.
Asubuhi moja alisimama kwenye mlango wa wajukuu,
nywele wazi, bakuli mkononi,
akasema kwa upole wote alionao:
Uji umepoa. Njooni mnywe.

Mdogo, Muhanna, wa miaka sita,
aliyekuwa akichungulia filamu za baba yake kwa siri,
akapiga ukelele
ambao mimi, kwa miaka kumi na tisa, sikuwahi kuupiga.

Azzan alikuwa ukumbini, chai mkononi.
Alisikia vyote viwili.

Mswada wa saba una ukurasa mmoja.
Mchana. Mlango. Bibi. Mtoto. Hakuna muziki.
Chini, kwa penseli: *mtoto anajibu,*
na nukta mbili, na weupe mpaka mwisho wa karatasi.
Mwaka wa nne huu.

Ijumaa humpelekea Bi Thuwaiba uji, na sukari yake.
Nikifika hupiga hodi kwa mkono tu,
nikangoja wanione dirishani kwanza
ndipo nifungue mdomo.