Likizo ya Miguu

Wenzangu wa ofisini walikwenda Lushoto,
wakarudi na picha za ukungu na masweta mapya.
Sisi fedha zetu zilikwishazikwa, ekari moja na nusu,
kwa hiyo tukavuka na panton alfajiri, mimi na Stambuli,
chapati nne ndani ya mfuko wa rambo,
tukaanzia Yaleyale Puna
kutembea hadi Kimbiji
bila haja.

Jaribu kulieleza neno hilo, bila haja,
kwa mama anayemenya muhogo kibarazani.
"Mnakwenda msibani?" Hapana.
"Kuna mgonjwa?" Hapana, wote wazima.
"Mnamdai mtu?"
Stambuli akacheka: tunatembea tu.
Akatutazama viatu, akapanda na macho hadi usoni,
akatupa mihogo miwili mibichi
kama apewavyo mgeni ambaye bado hajaitaja shida yake.

Njia yenyewe ni upana wa mtu mmoja.
Atangulie yeye, nifuate mimi.
Ndoa ya miaka kumi na tisa nikaitazama kwa nyuma:
kisogo chake kina mvi nisizopata kuzihesabu.
Umande ulitulowesha hadi magotini.
Mabibo yaliyoanguka yalinuka pombe ya jana,
nyuki juu yake, hawana habari nasi.
Upupu, tulionywa, uko upande wa kushoto;
tukasahau kuuliza, kushoto kwa aendaye au kwa arudiye.
Nilijikuna hadi saa sita.

"Kimbiji bado mbali?"
"Hapo tu," akasema kijana wa baiskeli.
Baada ya saa nzima, mwingine: "Hapo tu."
Hapo ya huku ina miguu. Inatutangulia.

Na kila tuliyepishana naye alitusalimu.
Kwetu Buguruni, ghorofa ya tatu,
nimepakana mlango kwa mlango na mtu
ninayemjua kwa kikohozi.
Huku nimeulizwa habari za nyumbani na watu kumi na mmoja,
na wote walisubiri jibu.

Kisha njia ikakatika.
Hapana. Ilikatwa.
Nguzo za zege, seng'enge mistari mitano,
na kibao cha rangi nyekundu iliyochuruzika:
ENEO HILI HALIUZWI.
Upande wa pili njia ileile inaendelea, nyeupe,
kama sentensi ya mtu aliyekatizwa
na asiyetaka kusikia.

Akatokea mwanamke na ndoo ya dagaa kichwani,
Sikudhani, alijitaja kabla hatujauliza.
Akaukanyaga waya wa chini, akauinua wa kati kwa mkono,
ndoo haikutikisika.
"Piteni. Inameni vizuri, una meno.
Mwenyewe yuko mjini, haji.
Kisimani tunakwenda hivihivi, zahanati hivihivi."

Stambuli alikuwa amechutama mbele ya jiwe la mpaka.
Akasoma namba. Akaisoma tena.
Midomo yake ilikwenda bila sauti
kama siku ile dalali alipotuonyesha ramani tu,
mvua inanyesha, gari limegoma kufika.
Fundi wa seng'enge tulimlipa kwa simu.
Hakuniambia kitu, wala sikuuliza.

Tukainama.
Mwanamke ametushikia waya wetu
tuvuke kiwanja chetu
kama wezi wawili waliobahatika kupata mwenyeji.
"Ahsante," nikasema.
"Ya nini?" akasema. "Si njia."

Kimbiji tulifika saa nane. Kweli ilikuwa hapo tu.
Tulikunywa chai ya rangi kwenye benchi lenye mguu mfupi,
tukiegemeana lisituangushe.
Shati la Stambuli limechanika begani;
kipande chake kimebaki kule, kinapepea
kwenye waya wa kati.
Nikamwuliza kama atarudi na koleo.
Akatia sukari kwenye chai iliyokwisha kutiwa sukari,
akakoroga, akakoroga,
akamgeukia muuza chai
kuuliza kama kuna njia nyingine ya kurudi.