Mkanda Nyuma ya Kiti

Ukungu wa Januari katika bonde la Po
haukatiki hata kwa msumeno.
Magari thelathini na moja yalibanana humo,
barabara kuu, kabla ya kutokea Fiorenzuola,
na lori la maziwa likapasuka,
meupe ndani ya weupe, hakuna aliyeyaona
mpaka viatu vilipolowa.

Siku ya tatu mabaki yakaletwa kwa Ermes Bonvicini.
Yeye hachunguzi watu, watu wana wachunguzi wao.
Yeye husoma magari. Mimi namshikia tochi.

Huanza na mkanda.
Mkanda uliomkamata mtu hausahau:
nyuzi zimevutika, ukingo umejikunja mawimbimawimbi,
na pale ulipopita kwenye pete
pana mng'ao, kama pasi iliyosahauliwa juu ya suti.
Anaandika: *Ulifanya kazi.*

Gari jeupe, injini imeingia sebuleni.
*Ulifanya kazi.* Mwenyewe alitoka akitafuta miwani.

Kiti cha mtoto, kamba zimevutika sawasawa,
makombo ya biskuti kwenye mshono.
*Ulifanya kazi.*
Fomu haina nafasi ya makombo.
Aliyatazama kitambo, kisha akafunua ukurasa.

La kumi na nne ni la kijivu.
Halikuumia sana. Milango yote inafunguka.
Kwenye kioo cha mbele tu, upande wa usukani,
ufa wa duara, upana wa sahani ya chai,
na nywele mbili.
Mkanda ni mpya, kama siku ulipotoka kiwandani:
umezungushwa nyuma ya kiti,
ukachomekwa, klik,
ili ile kengele inyamaze.

Loredana Zucchelli, miaka hamsini na miwili.
Kutoka kwake hadi kazini, dakika kumi na moja.

Kwetu husemwa ajali haina kinga.
Sikumtafsiria Ermes.
Ningeanzia wapi, naye amesimama
ameishika kinga mkononi,
mita mbili za kitambaa kisicho na mkunjo,
akiivuta, akiiachia,
akiivuta, nayo ikirudi kwa utii
kila mara?

Jioni akaingia garini mwake, akawasha.
Ting. Ting. Ting.
Nilimwona kupitia kioo, mikono mapajani,
akiiacha ilie.
Simu ikaita, binti yake: umefika wapi?
"Bado," akasema. "Bado sijatoka."