Dakika Nane Hadi Handali

Kazi yangu ni mizani.
Napima masanduku, ndoo za mlenda mkavu,
maboksi ya zabibu yaliyofungwa kwa gundi na dua.
Naandika kilo, nabandika karatasi: Dodoma – Dar.
Kilomita mia tatu na tisini, saa moja angani,
upepo ukikorofisha ongeza dakika kumi.
Wasafiri huniuliza, nami hujibu bila kuinua uso
kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Miaka tisa. Sijawahi kukaa dirishani.

Jumanne ile ukaletwa mzigo mdogo kuliko yote:
kiboksi cha plastiki, kifuniko cha buluu,
ndani yake barafu, ndani ya barafu kichupa,
ndani ya kichupa kinyama, kama punje ya hindi,
kilichokatwa kwenye titi la mama yangu.
Nikakiweka juu ya mizani yetu ya zamani.
Mshale ukasogea kidogo. Ilikuwa barafu.

Mama, Sechelela binti Ndahani wa Handali,
ambaye hata ngazi za benki huzipanda kwa kushika ukuta,
akanitangulia angani.

Kutoka lango letu hadi Handali kwa barabara
ni saa mbili, kiangazi.
Masika, liulize korongo.
Lakini ndege ikishageuza pua mashariki
hulipita paa lake katika dakika ya nane.
Anaijua. Hana saa ya ukutani.
Husema, "Ya saa nne hiyo," na kuinjika chungu.
Ikichelewa, ukoo mzima unachelewa kula.

Nikampigia: "Mbukwa, mama.
Leo ikipita tazama juu. Na wewe umo."
Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia upepo,
kisha: "Wameniketisha upande gani?"

Ilitua Dar nikiwa kwenye kikombe cha pili.
Saa moja na dakika tatu; niliandika mwenyewe.
Majibu yalichukua siku kumi na tisa.

Hilo hakuna abiria aliyewahi kuniuliza:
ni mbali kiasi gani kutoka kichupa hadi meza,
kutoka meza hadi kwa mwenye darubini
ambaye juma hilo mtoto wake naye alikuwa mgonjwa,
kutoka jicho lake hadi kalamu, mhuri, bahasha.
Hapo hapana ramani, wala rubani wa kutangaza
kwamba tumeanza kushuka, fungeni mikanda.

Kila asubuhi mama alipiga simu:
"Hii iliyopita sasa hivi ndiyo iliyoleta barua?"
"Bado, mama. Hiyo ilileta wabunge."

Ya ishirini ilikuwa nayo.
Niliipima, mazoea tu. Mshale haukutikisika.
Sikuifungua. Imeandikwa jina lake.

Kesho yake nikaomba ruhusa, nikashika njia.
Lori likaishia kwenye korongo, maji mekundu,
dereva akazima injini, akatoa karanga.
"Jioni yatapungua," akasema, "au kesho."
Ng'ambo niliuona moshi mwembamba,
sikujua kama ni wa kwake.

Ndipo ikapita juu yetu, ya saa nne, 
kwa wakati wake kabisa,
watu sabini na mizigo niliyoizoea uzito.
Nikajua sasa hivi anainjika chungu.

Nikaweka bahasha ndani ya kofia,
kofia nikaibana kichwani,
nikavua viatu.